Dawati na roketi: jibu kwa mwalimu wa Magarini

Swali la msomaji:

"Mimi ni mwalimu wa sayansi, gredi ya sita, katika shule moja ya msingi huku Magarini, kaunti ya Kilifi. Darasani kwangu watoto wanne hubanana kwenye dawati moja, na kiangazi kikishika mama zao huchota maji mbali. Juzi barazani tulisikia kwamba serikali inafikiria kujenga kituo cha kurushia roketi pwani yetu, na kwamba fungu la mambo ya anga za juu liongezwe. Wazee wakanigeukia: mwalimu, wewe ndiye wa sayansi, tuambie, hii ni akili? Nikababaika. Daktari, kwa nini pesa za umma zipelekwe angani, zetu sisi na hata za hao matajiri, ilhali huku chini shida zimejaa?"

Jibu:

Mwalimu, wapelekee wazee salamu zangu, na uwaambie wana haki ya kuuliza kuliko mtu yeyote. Katika Afrika Mashariki nzima hakuna waliokaa na roketi kama watu wa kwenu. Ukisimama ufukweni Ngomeni ukaitazama Ghuba ya Ungwana, unayaona majukwaa ya chuma yamesimama baharini kwa miguu yao, yamepigwa na chumvi miaka yote hii. La San Marco ndilo lililokuwa la kurushia, na la Santa Rita lilikuwa la kuongozea mitambo. Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walirusha setilaiti ya kwanza kutoka hapo Aprili 26, 1967. Ya mwisho ilirushwa Machi 1988. Jumla ni tisa, zote kwa roketi ya Kimarekani iliyoitwa Scout.

Moja kati ya hizo tisa nataka uwasimulie wanafunzi wako, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu langu.

Desemba 12, 1970, Wakenya wakiwa kwenye gwaride la Jamhuri, setilaiti ndogo ya NASA, shirika la anga la Marekani, iliondoka Ngomeni. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuizungusha kamera yake polepole na kuandika ni wapi angani kunakotoka miale ya eksirei. Miale hiyo haifiki ardhini. Hewa huizuia, na ni heri yetu, ingekuwa imeshatuunguza. Anayetaka kuiona hana budi kupanda juu ya hewa. Mhandisi aliyeusimamia mradi huo, Bi Marjorie Townsend, aliipa setilaiti jina la Uhuru, kwa heshima ya wenyeji wake na ya siku yenyewe. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya eksirei za anga peke yake. Ilitoa orodha ya vyanzo 339, na vipimo vyake vya chanzo kimoja kiitwacho Cygnus X-1 vikawasaidia wanasayansi kuamini kwamba hapo pana shimo jeusi, yaani mahali penye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, kitu ambacho hadi wakati huo kilikuwa hesabu za kwenye karatasi tu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Sasa jiulize, nani angeilipia kazi hiyo kama si serikali? Eksirei za nyota hazina soko. Hakuna tajiri atakayekopa benki ili ahesabu vyanzo 339 vya miale isiyouzika. Kwa hiyo ukiniuliza kama nchi tajiri zitumie pesa za umma kwa sayansi ya namna hii, nakujibu ndiyo bila kumumunya maneno, na ziongeze. Ujuzi ule haukubaki Marekani. Vitabu vya fizikia vinavyosomwa vyuoni kwetu vimeubeba, na hatukuulipia hata senti.

Lakini wazee wasidhani kila dola inayopanda juu ni ya sayansi. Mwaka 1966 NASA ilikuwa ikila zaidi ya asilimia 4 ya matumizi yote ya serikali ya Marekani, na kilichoisukuma pesa hiyo ni ushindani na Urusi. Mawe ya mwezi yalikuja kama bakshishi. Leo fungu la NASA halifiki hata nusu ya asilimia moja. Wanaosema Marekani inajifilisi angani hawajaiangalia bajeti yake; pesa nyingi zaidi zinakwenda kwingine kabisa. Ninalowalaumu ni jinsi wanavyogawa hicho kidogo. Mkaguzi mkuu wa NASA mwenyewe alikadiria kwamba kila safari moja kati ya zile nne za mwanzo za mradi wao mpya wa kurudi mwezini, Artemis, itagharimu dola bilioni 4.1. Darubini ya James Webb, inayotazama galaksi za zamani kuliko zote tulizowahi kuona, imegharimu takriban dola bilioni 10 kwa jumla, na itafanya kazi miaka mingi. Safari mbili na nusu za mwezini zinanunua darubini nzima. Mimi ningenunua darubini.

Tena hiyo Webb iliporushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, siku ya Krismasi ya 2021, kituo cha kwenu, hicho tunachokiita cha Malindi, kilikuwa miongoni mwa vilivyozipokea ishara zake za kwanza baada ya kuachana na roketi yake. Dunia nzima ilikuwa imeshika pumzi, na dishi lililosikia lilikuwa upande wenu, kwenye mchanga, karibu na mashamba ya chumvi. Sijui kama kuna aliyewaambia wazee.

Hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia, na nadhani wao pia. Miaka 21 ya kurusha, setilaiti tisa. Nini kilibaki Ngomeni? Jina la Uhuru, dishi, na mkataba ambao Kenya imekuwa ikiurudia mezani, mwaka 1995 na tena 2016, ikijaribu kupata kilichopaswa kuandikwa tangu siku ya kwanza. Setilaiti ya kwanza iliyo ya Kenya yenyewe ilifika angani Mei 2018, miaka 47 na ushei baada ya Uhuru. Ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ukubwa wake kama mkebe wa Kimbo wa kilo moja, na ilisukumwa nje kutoka kwenye kituo cha kimataifa cha anga kwa msaada wa Wajapani.

Hebu sasa uangalie kijiji kingine cha wavuvi. Thumba kiko Kerala, kusini mwa India. Novemba 21, 1963, yaani miaka mitatu na nusu tu kabla ya Ngomeni, iliruka kutoka hapo roketi ndogo ya utafiti, nayo ilikuwa ya Kimarekani. Kanisa la kijiji, la Mtakatifu Maria Magdalena, lilikuwa limegeuzwa ofisi, na vipande vya roketi vilibebwa kwa baiskeli. Watu walimsuta Vikram Sarabhai, baba wa mpango huo, kwa maneno yale yale ya wazee wako: nchi ina njaa, wewe unachezea fataki. Na India ya wakati ule ilikuwa na njaa ya kweli, si ya kusimuliwa.

Tazama Sarabhai alivyofanya. Aliwatuma vijana wahandisi wakasomee kazi hiyo NASA, na waliporudi wakakuta kazi inawangoja. Mmoja wao, Abdul Kalam, baadaye akawa rais wa nchi. Mwaka 1975 wakaunda setilaiti yao wenyewe, Aryabhata, wakaomba lifti kwa Warusi. Mwaka 1980 wakarusha yao kwa roketi yao. Agosti 2023 wakatua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amewahi kutua, kwa gharama ya takriban dola milioni 75. Hizo ni dola ambazo kwa Artemis hazilipi hata sehemu ya hamsini ya safari moja.

Vijiji viwili vya wavuvi, miaka ile ile, roketi za nchi ile ile. Najua India ni kubwa na ilikuwa na vyuo vyake tangu zamani. Silinganishi embe na nazi. Ila tofauti niionayo mimi ni kwamba Thumba fundi alikuwa mwenyeji, na Ngomeni mwenyeji alikuwa mlinzi wa lango. Ndiyo maana swali la "serikali itumie zaidi au pungufu" halinitoshi. Nataka kujua kwanza ujuzi unalala kwa nani usiku ukifika.

Turudi kwenye dawati lako, maana sitaki uone nimelikwepa.

Aprili 15, 2023, Kenya ilirusha setilaiti yake ya Taifa-1. Bei iliyotangazwa ni shilingi milioni 50. Tukichukua dawati la fundi kwa shilingi 5,000, hayo ni madawati 10,000. Si mchezo! Ukiwakalisha wanafunzi watatu watatu, umekalisha watoto 30,000. Kwa upande mwingine, bajeti ya serikali mwaka ule ilipita trilioni 3, kwa hiyo Taifa-1 ilichukua shilingi moja katika kila shilingi 60,000 au zaidi. Mtu akikwambia madawati yako yamekosekana kwa sababu ya setilaiti, anakupumbaza, na pengine yeye ndiye anayejua yalikokwenda. Pesa za madawati zilikuwepo kabla ya setilaiti na zitakuwepo baada yake.

Hata hivyo sitaisifu Taifa-1 kuliko inavyostahili. Kamera yake ilitangazwa kuwa na uwezo wa kutofautisha vitu vya mita 32 kwa rangi, na mita 16 kwa nyeusi na nyeupe. Tafsiri yake ni hii: chukua robo ekari, yaani ploti mbili za hamsini kwa mia, robo ekari nzima inakuwa nukta moja ya rangi kwenye picha. Nyumba, mkorosho, kisima na shamba la muhogo vyote vinakorogwa kuwa rangi moja. Wakati huo huo setilaiti za Ulaya zinazoitwa Sentinel-2 zinapita juu ya Magarini kila baada ya siku chache, nukta yake ni mita 10, na picha ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Kwa hiyo kama lengo lilikuwa picha, tulinunua kibatari huku taa ya jirani ikituangazia uani.

Lengo halikuwa picha. Taifa-1 ilikuwa karo. Wahandisi wa Kenya waliisanifu, ikaundwa na kupimwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria, na vijana wakajifunza setilaiti inavyoishi na inavyokufa. Karo hulipwa na si vibaya. Ila mtoto anapaswa kupanda darasa. Setilaiti ya pili ikija ni ndogo vile vile, imepelekwa nje ile ile, na vijana wale wa kwanza wameshaajiriwa kuuza vifurushi vya simu, basi tumerudia darasa kwa hela ya umma.

"Basi kama taa ya jirani inatuangazia, tulale," watasema wazee. Nami nawaelewa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliposogelea pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ya huko ilikifuatilia na kutangaza kwa siku kadhaa, vyombo vya baharini vikazuiwa, na wavuvi wakavuta ngalawa zao juu. Picha za mawingu juu ya Bahari ya Hindi zinazowezesha kazi kama hiyo hutoka kwenye setilaiti za wengine, hasa za Ulaya, zilizolipiwa kodi na watu wasiojua Mafia iko wapi. Mwenye boda anayetafuta nyumba ya mteja kwa ramani ya simu naye anatumia setilaiti za jeshi la Marekani. Tayari tunakula pesa za umma za anga, ila za umma mwingine.

Tatizo la kula kwa jirani ni kwamba siku akibadili mawazo hakuombi ruhusa. Hili si la kubuni. Picha za setilaiti za Landsat za Wamarekani zilianza mwaka 1972. Mwaka 1984 bunge lao likaamua biashara hiyo ipelekwe kwa kampuni binafsi, na bei ya picha moja ikapanda hadi kupita dola 4,000. Watafiti wa Afrika wakafunga makabati. Haikuwa bure kwa wote hadi 2008. Aliyefungua bomba anaweza kulifunga, na serikali za siku hizi hubadilika upepo haraka. Nchi ambayo ukame wake, mafuriko yake na nzige wake wote wanasomwa kwenye picha za watu inahitaji walau kuwa na cha kuweka mezani siku ya mazungumzo.

Lakini hata picha ingekuwa yetu, ya bure na ya nukta ya mita moja, bado ingetushinda tusipokuwa na watu. Hili nimelilipia kwa aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa Tana River, upande wa Bura, nikiwa na ramani ya malisho niliyoitengeneza kwa picha za setilaiti. Kanuni yake ni rahisi, hata gredi ya sita wataielewa: jani lililo hai hunywa mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga ulio nje kidogo ya wekundu, ambao jicho letu halioni ila kamera inauona. Ukilinganisha mianga hiyo miwili unapata namba ya ukijani. Namba ikishuka chini ya kawaida yake, kuna ukame. Bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010 imejengwa juu ya hesabu hiyo: hakuna anayekuja kuhesabu mizoga, ukijani ukianguka mfugaji analipwa. Ni kazi nzuri na najivunia kuiona nchini kwetu.

Basi nikaitandaza ramani yangu chini ya mti, mzee mmoja wa Kiorma akachuchumaa, akaniuliza mto uko wapi, nikamwonyesha. Akafuata kwa kidole mpaka kwenye ukanda uliokoza kijani. "Hapa ndipo unapotutuma tupeleke ng'ombe?" Nikasema ndiyo, hapa pana malisho. Akacheka mpaka akakohoa. "Daktari, hii ni mathenge."

Unaujua mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka mvamizi. Mizizi yake inachimba mbali, kiangazi hakiutishi, na chini yake nyasi hazioti. Kwa setilaiti ni jani la kijani kama jani lingine. Ramani yangu ilikuwa inasema neema mahali ambapo ng'ombe wangekufa. Na fikiria bima: eneo lililojaa mathenge, namba ya ukijani inagoma kushuka, mfugo unaisha, na kompyuta inasema hakuna ukame hapa.

Kosa hilo hakuna mtu Ulaya atakayekuja kulirekebisha. Linamtaka kijana mwenye pikipiki, simu yenye ramani, daftari, na mshahara unaoingia kila mwezi, azunguke akiandika: hapa mathenge, hapa nyasi, hapa shamba la mahindi. Kisha mwingine ofisini aifundishe kompyuta tofauti. Hiyo ndiyo pesa ya anga ninayoiombea iongezwe, nayo yote inatumika ardhini: kwenye petroli, viatu na karo za vyuo.

Na sitasahau betri. Katika ofisi moja ya umma nilikowahi kufanya kazi, sitaitaja, tulipewa na wafadhili dishi la kupokea picha za hali ya hewa moja kwa moja kutoka angani. Likazinduliwa kwa utepe na soda. Mwaka wa pili betri za kulinda mitambo umeme ukikatika zikafa. Zilikuwa bei ya simu ya wastani. Barua ya kuomba betri ilizunguka meza baada ya meza, na kila meza ilisema fungu hilo halimo, kwa kuwa dishi lilikuja kama msaada na msaada haukuandikiwa matunzo. Nilipoondoka, kunguru walikuwa wamejenga kiota kwenye mkono wa dishi, na sisi tulikuwa tunapakua picha zile zile kwa intaneti, zikichelewa, kwa bando la mfukoni mwangu.

Wahindi nao walijifunza somo hili kwa gharama kubwa zaidi. Oktoba 1999 kimbunga kikuu kilipiga jimbo la Odisha na kuua karibu watu 10,000. Wakati huo India ilikuwa na setilaiti zake za hali ya hewa tangu miaka ya themanini, kimbunga kilionekana. Kilichokosekana ni njia ya kumfikia mtu wa kijijini na mahali pa kumkimbizia. Wakajenga majengo ya kujihifadhi, wakapanga nani anagonga mlango wa nani. Oktoba 2013 kimbunga Phailin kilipofika pwani ile ile, karibu watu milioni moja walikuwa wameshahamishwa, na waliokufa hawakufika hamsini. Kati ya vimbunga hivyo viwili, setilaiti ziliboreka, ndiyo, lakini waliookoa watu ni wale waliogonga milango.

Sasa hicho kituo cha roketi. Utaambiwa Kenya imebarikiwa kwa sababu iko kwenye ikweta. Ni kweli, nusu. Dunia inazunguka, na mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa bila kuhisi. Roketi inayoelekea mashariki kutoka Ngomeni inaondoka na mwendo huo kama zawadi, na mbele yake ni bahari tupu. Kwa setilaiti zinazokaa juu ya ikweta, zile za televisheni na mawasiliano, hiyo ni faida halisi. Lakini setilaiti za kupiga picha ardhi, hizo tunazozihitaji kwa malisho na misitu, huzunguka kwa kupita karibu na ncha za dunia, kaskazini na kusini. Kwa njia hiyo msukumo wa ikweta hausaidii kitu. Roketi inabidi hata iupoteze. Ndiyo maana Taifa-1 yetu ilirushwa kutoka Vandenberg, California, ndani ya roketi iliyobeba makumi ya abiria wengine kama matatu ya saa kumi na mbili jioni. Nafasi humo inauzwa kwa kilo, na roketi yenyewe inarudi kutua na kutumika tena. Kijiji chochote kinachotaka kushindana na biashara hiyo leo kijue kinashindana na nani.

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu kituo ni mkali kidogo kuliko wa wenzangu wengi. Mwekezaji akija na hela yake, karibu. Serikali ichangie ardhi na bahari kwa masharti, na masharti yaandikwe na watu waliousoma mkataba wa San Marco mstari kwa mstari. Nafasi za mafunzo ziwe na idadi na tarehe, si "ushirikiano". Watu wa Ngomeni waulizwe kuhusu maeneo yao ya kuvulia kabla ya ramani kuchorwa. Ila shilingi ya mlipa kodi isimwagwe kwenye zege la kurushia. Deni kubwa la kununulia fahari tumeona lilivyowafanya Angola: walikopa kwa Warusi mamia ya mamilioni ya dola kwa ajili ya setilaiti moja ya mawasiliano, AngoSat-1, ikarushwa Desemba 2017, na haikudumu. Warusi waliwaundia nyingine, iliyoruka Oktoba 2022, lakini karibu miaka mitano ilikuwa imepita, na deni halina habari ya kwamba setilaiti imezimika.

Kama wazee wanataka jibu la kubeba, waambie mtu wenu amesema hivi: fungu la anga liongezwe, ila likaguliwe kama fungu la kisima. Kwanza mishahara ya vijana wanaosoma picha na wanaozihakiki kwa miguu. Betri za dishi ziandikwe kwenye bajeti ya kila mwaka. Setilaiti kubwa, ikibidi, tuchangishane na majirani. Uganda na Rwanda nazo zimeshapeleka vimkebe vyao angani, kila mmoja kivyake, na Umoja wa Afrika ulizindua shirika lake la anga Cairo mwaka 2025, kwa hiyo kisingizio cha kukosa mahali pa kukutania kimekwisha. Na kila tangazo la mamilioni liambatane na swali ambalo hata asiyesoma fizikia anaweza kuuliza barazani: wangapi wa kwetu watabaki wakijua, na mwakani watakuwa wameajiriwa wapi?

La mwisho ni lako wewe na gredi ya sita. Usisubiri serikali. Tafuta kompyuta moja yenye intaneti, hata ya ofisi ya mwalimu mkuu, ufungue tovuti ya Copernicus ya Ulaya, yenye zile picha za Sentinel-2, ujisajili bure, uandike Ngomeni. Chagua picha ya Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, mawingu huwa machache. Miraba ya mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa itaonekana mara moja, imepangwa kama vigae. Mikoko ni ule ukingo wa kijani kizito kando ya maji. Kisha waonyeshe picha ya Landsat ya miaka ya themanini ya mahali hapo hapo, uwaache wao wenyewe wabishane ni wapi palikuwa mikoko na sasa ni chumvi. Babu zao watawasaidia. Mkimaliza, sogeza picha baharini kutoka rasi ya Ngomeni, ukuze mpaka nukta zianze kuonekana moja moja. Mtakuta vitone vichache vilivyokaa peke yao majini. Ndiyo majukwaa yenyewe.